Diski ya nje inapokataa nakala za akiba

Ofisi nyingi za shule hapa Burundi siku hizi huweka alama za wanafunzi kwenye kompyuta, na zile zenye uangalifu zaidi zimenunua diski ya nje ya USB ya kuhifadhia nakala za akiba. Hata hivyo, mara nyingi katibu huchomeka waya, huona taa inawaka, akaamini kazi imefanyika. Siku kompyuta inapokufa ndipo inapogundulika kuwa nakala ya mwisho ni ya muhula wa mwaka jana.

Kwetu sisi tuliosomea ukimbizini, hili si jambo la mafundi peke yao. Kambi ya Mtabila, mkoani Kigoma, ilifungwa mwaka 2012, na mtu aliyerudi nyumbani bila karatasi zake za shule anajua ilivyo kazi kumshawishi mkuu wa shule kwamba kweli ulimaliza darasa la nane. Mtoto ambaye alama zake zimepotea ndani ya diski hana tofauti na huyo.

Sasa, diski ikigoma, anza na umeme. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500 tu, na diski inayozunguka huhitaji nguvu nyingi zaidi inapoanza kuzunguka. Ukisikia inalia tik-tik kisha inatoweka kwenye skrini, badilisha waya kwanza, uchague mfupi, halafu uichomeke moja kwa moja nyuma ya kompyuta. Vile vigawanyio vya bei rahisi vyenye matundu manne visivyo na umeme wake mwenyewe ni adui. Kama bado inalia hivyo hata kwenye kompyuta nyingine, huenda diski yenyewe inakufa. Hapo usiifanyie ukarabati wowote. Okoa faili muhimu kwanza. Na fundi anayesema “tuiformati tu” kabla ya kuuliza ndani mna nini, mwondoe kwenye kiti.

Kosa linalowachanganya watu kuliko yote ni kompyuta kudai hakuna nafasi, au faili ni kubwa mno, ilhali diski iko karibu tupu. Bofya diski kwa kitufe cha kulia cha mausi, fungua Properties, au Propriétés kwa kompyuta zetu za Kifaransa, uangalie mfumo wake. Ikiandikwa FAT32, umempata mchawi: mfumo huo haupokei faili moja inayofika GB 4, na programu nyingi za akiba hukusanya kila kitu ndani ya faili moja kubwa. Dawa ni kuigeuza iwe NTFS. Windows ina amri ya convert inayofanya hivyo bila kufuta kilichomo, lakini mtu mwenye busara huhamisha vitu vyake kwanza.

Kuna pia suala la herufi. Programu imeambiwa ipeleke nakala kwenye E. Asubuhi moja mwalimu anachomeka flashi yake mapema, flashi inachukua E, diski inakuwa F, na programu inaitafuta diski isiione. Ipe diski herufi ya mbali, kama R, kupitia Disk Management.

Kwa wenye kompyuta za mkononi, umeme wetu wa kukatika una hila nyingine. Kazi zinazopangwa kwenye Task Scheduler ya Windows, usipobadilisha chochote, huanza tu kama kompyuta iko kwenye umeme wa ukutani, na husimama ikihamia kwenye betri. Umeme ukikatika saa nane mchana, nakala ya saa nane na nusu haifanyiki, na hakuna anayepigiwa kengele. Sharti hilo unaweza kuliondoa, au uhamishie kazi hiyo saa ambayo kwenu umeme huwa upo.

Aidha, usiiache diski imechomekwa mchana kutwa. Virusi vya WannaCry vilivyosambaa Mei 2017 vilifunga faili za kompyuta pamoja na zile za diski zilizounganishwa nayo. Ukimaliza, iondoe kwa utaratibu na kuifungia kabatini, ikiwezekana kwenye jengo lingine.

Kila mwisho wa mwezi ichukue diski hiyo, uichomeke kwenye kompyuta isiyo ya ofisi, urejeshe faili tatu au nne kutoka kwenye nakala, ukianza na ile ya alama za mtihani wa mwisho. Zifungue uzisome, maana faili iliyoharibika nayo huonyesha jina lake vizuri tu.