Mkono Umepona, Kumbukumbu Je?

Mgonjwa wa kiharusi anaporuhusiwa kutoka Hospitali ya Ligula na kurudi nyumbani Chuno, wanaokuja kumjulia hali humtazama mkono na mguu. Akishika kikombe mwenyewe na kujikongoja hadi barazani, watu hushukuru. Kwamba hakumbuki kama amekwisha kumeza dawa ya asubuhi, hilo huitwa uzee.

Kwa mwenye kisukari, huenda si uzee. Mwaka 2020 watafiti wa nchi mbalimbali walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,601 wa kiharusi, yaliyounganishwa kutoka tafiti 7. Wenye kisukari cha aina ya pili walikuwa nyuma ya wenzao katika kumbukumbu, lugha, umakini na wepesi wa kufikiri. Waliokuwa na sukari iliyopanda kidogo, bila kufikia kisukari, hawakuonyesha tofauti kubwa na wenye sukari ya kawaida. Habari hiyo ingefaa kutangazwa zaidi.

Ubongo ni takriban asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hula karibu asilimia 20 ya nishati yake, ukiletewa damu na mishipa ambayo mingine ni myembamba mno. Sukari iliyozidi kwa miaka huikakamaza mishipa hiyo na kuiziba polepole. Kiharusi kikija, hukuta ubongo uliokwisha kudhoofika.

Kisha usahaulifu nao huivuruga sukari. Mtu humeza glibenklamaidi, dawa ya kushusha sukari, mara mbili, au humeza akasahau kula. Sukari hushuka: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, pengine kuzimia. Ikishuka sana, ubongo huumia tena. Kwa hiyo dawa za mgonjwa kama huyu zinafaa kushikwa na mtu mmoja wa nyumbani.

Kuipima akili ya mzee ambaye hakusoma si kazi rahisi, kwani vipimo vingi vya kigeni humtaka aandike na kuchora. Wilayani Hai, Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walitengeneza kipimo kiitwacho IDEA. Mzee huulizwa daraja ni nini, kiongozi wa kijiji ni nani, leo ni siku gani. Hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka maneno aliyosomewa, na huiga umbo kwa njiti za kiberiti.

Hata pasipo kipimo, anayemsindikiza mgonjwa kliniki ya kisukari ana mengi ya kumweleza daktari: swali lile lile kurudiwa, chenji kumshinda kuhesabu, njia ya sokoni kumpotea.