Gitaa la Besi Lilivyotulaza Mzungu wa Nne

Umewahi kumficha mwenzio bei ya kitu? Mimi nimewahi. Nilinunua gitaa la besi la mtumba Dar, la bei poa, umbo la kizamani kama Fender Precision iliyotoka mwaka 1951. Nilipofika nalo nyumbani Igowole, Mufindi, mume wangu akauliza bei. Nikataja nusu.

Jamani, uongo una gharama! Gitaa likawa linaunguruma, waya wa ethi umeachia. Tena mbao iliyozoea joto la Pwani ikakutana na baridi yetu, shingo ikapinda, nyuzi zikakaa juu mno. Kila nikienda kwa fundi redio kuchomea waya, naaga naenda sokoni. Mume akahisi mengine kabisa. Wiki nzima tukalala mzungu wa nne.

Mwisho nikamwambia bei yote. Alinuna, halafu akaniletea spana yake ndogo.

Ndani ya shingo kuna chuma kinachoshindana na mvuto wa nyuzi. Unakikaza robo mzunguko tu, unatyuni upya, unaangalia. Haijanyooka? Robo nyingine. Ukikaza kwa hasira kinakatika, na shingo ndiyo imekwisha.

Tukafunga na nyuzi bapa, zile zisizokwaruza vidole. Sasa linatoa mlio mzito wa zilipendwa, na mume ndiye anayeniomba nipige.

Wewe je, umemficha nini mwenzio? Mwambie leo. Akinuna, usikaze kwa nguvu. Robo mzunguko inatosha.