Kitanda cha Daktari Kinapomshinda Mgonjwa

Hebu kumbuka mara ya mwisho ulipokwenda kumwona daktari. Ulisimama juu ya mizani, ukapimwa presha, kisha ukaambiwa, "Panda kitandani nikuangalie." Ukakanyaga ngazi ndogo ya chuma, ukapanda, ukalala chali. Mambo hayo hayakuchukua hata dakika mbili. Lakini kwa mtu anayetumia kiti cha magurudumu, dakika hizo mbili ndizo huamua kama atatibiwa au atapewa dawa za kubahatisha.

Miaka kadhaa iliyopita, mama mmoja wa Likoni aliyepooza miguu kwa polio tangu utotoni aliletwa kwangu na binti yake. Alilalamika kuwa tumbo linamjaa. Kitanda changu kilikuwa juu, chumba kilikuwa finyu na foleni ilikuwa ndefu. Nikamwambia akae hapo hapo kitini, nikamgusa tumbo juu ya nguo, nikamwandikia dawa za gesi. Baada ya miezi miwili alirudi, hali imezidi. Safari hii tulisaidiana na nesi na binti yake tukamlaza kitandani. Mkono wangu ulikuta uvimbe mkubwa wa kizazi, ambao hata mwanafunzi wa udaktari angeutambua. Mama akanitazama akasema, "Mwanangu, mwaka mzima nazunguka hospitalini. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunilaza." Alifanyiwa upasuaji akapona, lakini maneno yake sijayasahau.

Kwa nini lazima kulala

Mtu akiketi, tumbo hujikunja na misuli yake hukaza. Daktari hawezi kuhisi ini, wengu wala uvimbe ulio chini ya kitovu. Vilevile hawezi kuona makalio na mgongo, mahali ambapo vidonda vya kukaa sana huanzia. Mtu aliyeumia uti wa mgongo huenda asihisi kidonda hicho hata kikifika mfupani. Kwa hiyo mgonjwa aliyepimwa akiwa kitini amepimwa nusu tu.

Rula moja ya mwanafunzi

Vitanda vingi vya kupimia huwa na urefu wa sentimita 80 hivi kutoka sakafuni. Kiti cha magurudumu huwa na sentimita 50 hivi. Tofauti ni sentimita 30, yaani rula moja ya mwanafunzi, lakini rula hiyo ndiyo ukuta. Nchini Marekani, mwezi wa Julai 2024, bodi inayoshughulikia viwango hivi iliamua kuwa kitanda cha kupimia kiweze kushuka hadi sentimita 43, kisha kipande juu ili daktari asiumie mgongo.

Vitanda vya aina hiyo ni ghali kwa zahanati ndogo ya Kisauni au Changamwe. Hata hivyo, fundi seremala wa mtaani anaweza kutengeneza kitanda imara cha mbao chenye urefu wa kiti cha magurudumu, godoro gumu na mahali pa kushika ubavuni. Daktari atakaa kwenye stuli. Kando ya kitanda iachwe nafasi ya kiti kugeuka, na mlango uwe na upana wa sentimita 80 au zaidi.

Mizani ya magunia

Uzito haukisiwi kwa macho. Dawa za kifua kikuu, za malaria kwa watoto na za usingizi wakati wa upasuaji hupimwa kwa kilo. Mtu ambaye miguu yake imekonda anaweza kuonekana ana kilo 60 kumbe ana 44. Kuna mizani pana ya chini, kama ile ya kupimia magunia kwenye maghala, ambayo kiti huingia juu yake kwa ubao wa mteremko. Mgonjwa hupimwa pamoja na kiti, kisha kiti hupimwa peke yake. Ikiwa vyote viwili ni kilo 61 na kiti ni 17, mgonjwa ana kilo 44. Kwa mtoto, mzazi hupimwa akiwa amembeba, halafu hupimwa peke yake.

Presha nayo ina mtego wake. Mtu anayesukuma kiti chake mwenyewe kila siku hujenga mikono minene. Akifungwa kitambaa kidogo cha kupimia, mashine itaonyesha presha ya juu kuliko ile aliyo nayo, na huenda akaanzishiwa dawa asizozihitaji. Zahanati iwe na vitambaa vya saizi mbalimbali.

Kina mama wasisahauliwe

Wanawake wengi walemavu hawapimwi saratani ya mlango wa kizazi. Wahudumu hudhani kuwa hawana waume, au kuwa haiwezekani kwa kuwa hawawezi kuweka miguu juu ya vyuma vya kitanda. Dhana zote mbili si sahihi. Kipimo kinaweza kufanywa mama akiwa amelala ubavu. Tena Shirika la Afya Duniani linakubali mwanamke ajichukulie sampuli mwenyewe kwa kipimo cha virusi vya HPV.

Kumhamisha mgonjwa

Kwanza mwulize mgonjwa mwenyewe, kwani anaujua mwili wake. Funga breki za kiti. Ikiwa ana nguvu za mikono, ubao laini unaounganisha kiti na kitanda unamtosha kuteleza polepole. Asipojiweza, wawe watu wawili, mmoja nyuma na mwingine magotini. Asivutwe mikono. Ikiwa aliumia uti wa mgongo sehemu ya juu, kisha ghafla akaumwa kichwa na kutoka jasho, acheni kupima, mketisheni na mpime presha mara moja, kwani inaweza kupanda kwa hatari.

Si hisani, ni haki

Katiba ya Kenya ya 2010, katika Kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya afya, na Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pa umma. Sheria ya walemavu ya 2003 nayo ilifuatwa na sheria mpya mwaka 2025. Lakini sheria haishushi kitanda. Wenye zahanati, kabla ya kununua chochote, waiteni walemavu wenyewe waje wakijaribu. Hapa kwetu hawakosekani: karakana za Bombolulu zimewakusanya mafundi walemavu tangu 1969. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nawe msomaji, ikiwa unatumia kiti au unampeleka mzazi wako hospitali, usiridhike na "kaa hapo hapo." Uliza kwa heshima, "Daktari, huhitaji kunilaza ili unione vizuri? Uzito wangu umeupima au umeukisia?" Mimi niliyewahi kukosea ningependa kuulizwa hivyo siku ile. Ningemwokolea mama yule miezi miwili ya maumivu.