Ritifaa ya Gatong'ora

Chukua simu mbili, iPhone na ya Android, uandike Gatong'ora kwenye kila moja. Kwa macho yako ni neno lilelile. Kwa kompyuta huenda ni maneno mawili yasiyojuana. Tangu iOS 11 ilipotoka mwaka 2017, iPhone katika mpangilio wake wa kawaida huipinda ritifaa yenyewe: unabonyeza alama iliyosimama wima, inayotokea ni ile iliyojikunja. Kibodi nyingi za Android huiacha wima jinsi ulivyoibonyeza. Microsoft Word nayo huipinda. Basi wakala wa nyumba akiandaa tangazo kwa Word na kulibandika kwenye tovuti yake, kisha mpangaji akalitafuta kwa Android, tovuti inaweza kumjibu kwamba Gatong'ora hakuna nyumba, ilhali nyumba ziko na wakala anashangaa mbona simu haiiti.

Gatong'ora ni mojawapo ya wadi nane za eneo bunge la Ruiru, Kaunti ya Kiambu. Kwenye orodha nyingi rasmi utaikuta Gatongora, bila ritifaa. Waandishi wa habari na wenyeji huirudisha mahali pake. Na haiko peke yake. Upande wa Thika kuna Mang'u, ile ya shule ya upili maarufu. Gatundu Kusini kuna wadi ya Ng'enda. Ukipita Thika mjini umeingia Murang'a. Halafu hesabu akina Ng'ang'a wote wanaoishi kati ya Githurai na Makongeni, kama utaweza. Ukitaka kujua tovuti imetengenezwa kwa uangalifu kiasi gani, huhitaji vipimo vya bei ghali. Iandikishe jina Ng'ang'a wa Gatong'ora uone itakavyofanya.

Chanzo cha matata ni cha zamani. Kanuni ya herufi za kompyuta iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963, ilikuwa na nafasi chache, kwa hiyo alama moja ya wima ikapewa kazi zote: kuwa ritifaa, kufungua usemi na kuufunga. Lugha za programu zilizofuata ziliichukua alama hiyohiyo kuwa uzio wa maandishi: kilicho katikati ya alama mbili ni data, kilicho nje ni amri. Kwa Mwingereza ritifaa inaonyesha kwamba herufi imeachwa au kwamba kitu ni cha fulani, naye anaweza kuikwepa akitaka. Kwetu imo ndani ya tahajia. Ng' ni sauti moja, ya ng'ombe na ng'ambo, na ukiiondoa ritifaa umeandika sauti nyingine.

Sasa tazama kwa karibu kinachotokea. Msanidi mvivu hulichukua jina ulilojaza kwenye fomu na kulibandika katikati ya alama mbili za wima, kisha huituma sentensi nzima kwa hifadhidata. Kwa Kamau haina neno: 'Kamau'. Kwa mkazi wa wadi yetu inakuwa 'Gatong'ora'. Hifadhidata inasoma neno Gatong, inakutana na alama ya pili, inaamini data imekwisha, halafu inajaribu kuitii ora kama amri. Haijui amri hiyo. Alama ya mwisho nayo inafungua uzio ambao hakuna wa kuufunga, na ukurasa unaanguka kwa maandishi mekundu ambayo mteja hayaelewi. Kwa Ng'ang'a mambo ni ya ajabu zaidi, maana alama zinatimia nne: 'Ng'ang'a'. Hifadhidata inaona data mbili, Ng na a, na katikati yake kuna ang inayoelea bila uzio. Hesabu ya alama ni sahihi, maana hamna.

Kosa hilihili ndilo mlango ambao wadukuzi wamekuwa wakiutumia tangu miaka ya 1990: anayejua kuufunga uzio kwa ritifaa anaweza kuandika amri yake baada ya hapo, na seva ikaitii. Kwa hiyo tovuti inayoanguka kwa sababu ya Ng'ang'a haijamkosea Ng'ang'a peke yake. Imetangaza kwamba mlango uko wazi. Dawa inajulikana na haina gharama: sentensi ya amri hutumwa peke yake ikiwa na nafasi tupu, na jina hutumwa kando, hivyo hifadhidata haiwezi kulichukulia jina kuwa amri hata likijaa ritifaa kumi. Lugha zote zinazotumika leo kujenga tovuti zina njia hiyo. Lakini wapo wanaochagua njia ya woga: wanapiga marufuku ritifaa kwenye fomu. Kisanduku kinageuka chekundu, kinadai jina lina herufi zisizokubalika, na mzee wa watu, ambaye kitambulisho chake kinasema Ng'ang'a, anajiandikisha Nganga. Miaka mitatu baadaye anatafuta mkopo na kuambiwa karatasi zake hazilingani.

Kuna dawa nyingine zilizozidi kipimo. PHP, lugha iliyojenga tovuti nyingi za hapa nchini, kwa miaka mingi ilikuwa na mtindo wa kuiwekea kila ritifaa mkwaju ulioinamia nyuma kabla haijafika kwenye hifadhidata. Mtindo huo uliondolewa katika toleo la 5.4, mwaka 2012, lakini data iliyoingia enzi hizo bado iko, na ndiyo maana unakuta Murang\'a kwenye kurasa za kale. Mara nyingine mikwaju ni mitatu, ishara kwamba mtu aliuhariri ukurasa na kuuhifadhi tena. Ndugu yake ni Murang'a. Hapo ritifaa imegeuzwa kuwa msimbo wa usalama, jambo ambalo ni sawa, ila imegeuzwa mara mbili, na kivinjari kimeufungua msimbo mara moja tu.

Halafu kuna wapenda unadhifu. Wanataka majina yote yaanze kwa herufi kubwa, hivyo wanayapitisha kwenye kitendakazi kilichokuja na lugha yao. Kile cha Python, na kile cha PostgreSQL, huamini kwamba neno jipya huanza baada ya alama yoyote isiyo herufi. Matokeo ni Gatong'Ora, Murang'A na Ng'Ang'A. Nimeyaona haya kwenye kadi za mwaliko, kwenye stakabadhi, na kwenye cheti kilichotiwa fremu ukutani.

Unicode, mfumo uliotoka mara ya kwanza mwaka 1991 ili kuzipa herufi za dunia nzima namba zao, ilizitenganisha kazi za ile alama. Ya wima ni U+0027. Iliyopinda ni U+2019, na ndiyo inayopendekezwa na Unicode kwa ritifaa ya kawaida. Kuna ya tatu, U+02BC, ambayo kwa macho haina tofauti na ya pili ila imesajiliwa kama herufi na si kama alama ya uakifishaji. Ukifuata kanuni kwa ukali, ng' yetu ingestahili hiyo ya tatu. Wahawaii walishaifuata njia hiyo: okina yao, ambayo kwao ni konsonanti kamili, ina namba yake U+02BB na inapatikana kwenye kibodi zao. Sisi hatuna kibodi ya kawaida inayoitoa U+02BC, na karani wa Ruiru mwenye foleni mlangoni hataanza kuitafuta.

Kwa hiyo rai yangu, ambayo najua baadhi ya wapenda fonti wataipinga, ni hii: hifadhi ya wima. Chochote kinachoingia kwenye fomu, kiwe kimepinda au la, kigeuzwe kuwa U+0027 kabla ya kuhifadhiwa. Kando yake weka ufunguo wa kutafutia usio na alama yoyote, gatongora, ili anayeandika kwa iPhone, kwa Android, au asiyejali ritifaa kabisa wote wafike mahali pamoja. Ufunguo huohuo utafaa kwenye anwani za tovuti, ambako ritifaa haina nafasi: jina la kikoa hukubali herufi, tarakimu na kistari tu, na ndiyo sababu Kaunti ya Murang'a iko muranga.go.ke. Kupinda kuachwe kwa kazi ya maonyesho. Kwenye kichwa cha habari chenye herufi kubwa, ritifaa ya wima huonekana kama msumari uliosahauliwa ukutani, na hapo tovuti iibadilishe iwe U+2019 wakati wa kuchora ukurasa.

Sababu nyingine ya kuihifadhi ya wima ni SMS, na hapa pesa zinahusika. Ujumbe mmoja wa simu hubeba baiti 140. Kwa alfabeti ya msingi ya GSM, ambapo kila herufi huchukua biti saba, hizo ni herufi 160. Ritifaa ya wima imo katika alfabeti hiyo, iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote unahamia kwenye usimbaji wa baiti mbili kwa kila herufi, na nafasi inashuka hadi 70. Tuseme chama cha akiba kinawaalika wanachama wake mkutanoni Gatong'ora kwa ujumbe wa herufi 150. Kwa ritifaa ya wima ni SMS moja. Ikiwa katibu aliuandika kwa Word na mtambo wa kutuma haubadilishi herufi, ujumbe ule unakatwa vipande vya herufi 67, navyo ni vitatu. Bili imekuwa mara tatu, na hakuna aliyeongeza hata neno.

Pia kuna ule uchafu ambao kila msomaji ameuona: Gatongâ€™ora. Huo si virusi. Ritifaa iliyopinda katika usimbaji wa UTF-8 ni baiti tatu, na programu iliyodhani inasoma usimbaji wa zamani wa Windows imezisoma kama herufi tatu tofauti. Ngũgĩ kwa ajali hiyohiyo huwa NgÅ©gÄ©.

Hapo ndipo shida ya pili ya eneo hili inapoingia. Kikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake, ĩ na ũ, huandikwa kwa kiwimbi juu. Jina la Ngũgĩ wa Thiong'o, mzaliwa wa Limuru aliyefariki Mei 2025, limezibeba zote mbili pamoja na ritifaa. Kama jaribio la fonti, halina mpinzani. Hadithi yake Ituĩka Rĩa Mũrũngarũ, ambayo kundi la waandishi la Jalada liliichapisha mtandaoni Machi 2016 pamoja na tafsiri za lugha zaidi ya thelathini, isingewezekana kwenye tovuti za miaka ya mwanzo. Usimbaji uliotawala Ulaya Magharibi wakati huo ulikuwa na ã, ñ na õ kwa ajili ya Wareno na Wahispania, lakini ĩ na ũ haukuwa nazo.

Leo zipo, ila fonti hazizibebi daima. Google Fonts hukata kila fonti vipande ili ukurasa uwe mwepesi. Kipande cha msingi cha Kilatini kina herufi za Kiingereza na za Ulaya Magharibi. Ĩ na ũ ziko kwenye kipande cha nyongeza. Ukitumia huduma yao moja kwa moja, kivinjari hukileta cha pili kinapohitajika. Lakini msanidi anayepakua kipande cha msingi peke yake na kukiweka kwenye seva yake hupata neno Gĩkũyũ lenye herufi tatu zilizoazimwa kutoka fonti nyingine, nene kidogo au fupi kidogo kuliko jirani zake. Watu husema tovuti inaonekana rahisi bila kujua kwa nini. Kwa maandishi ya kusoma kwa muda mrefu mimi huchagua Noto Sans, au Andika ya shirika la SIL, iliyochorwa kwa ajili ya watu wanaojifunza kusoma na ambayo viwimbi vyake havigeuki vistari kwenye skrini ndogo. Na ukiandika MŨRANG'A kwa herufi kubwa, acha nafasi kati ya mistari, angalau mara 1.3 ya ukubwa wa herufi, la sivyo kiwimbi cha Ũ kitagonga mstari wa juu au kitakatwa na ukingo wa kisanduku.

Kwa mwenye tovuti ambayo tayari imejaa mikwaju na â€™, utaratibu ni muhimu kuliko ufundi. Nakili hifadhidata nzima kwanza. Kisha tafuta mahali uharibifu unapoingilia, fomu au ukurasa wa kuhariri, ukarabati hapo, na upajaribu kwa jina Ng'ang'a hadi litoke lilivyoingia. Data ya zamani husafishwa mwisho, kwa sababu ukianza nayo huku fomu ikiwa bado mbovu, karani atauhariri ukurasa Jumatatu asubuhi na mikwaju yote itakuwa imerudi kabla ya chai ya saa nne.