Gari Linapochemsha Mlimani

Wasomaji wa gazeti letu, bila shaka mmepata kuona gari limesimama kando ya barabara, boneti imefunuliwa, mvuke unatoka kama wa chungu cha maharage, na dereva ameketi juu ya jiwe akingoja. Madereva husema, "Gari limechemsha." Nataka kueleza kwa nini injini huchemsha, na jinsi ya kutafuta asili ya ubaya huo, maana jambo hili lilitupata sisi wenyewe, na Baba Mdogo analo kovu lake mpaka leo.

Likizo ya Juni iliyopita nilifuatana naye katika pikapu yake ya zamani, itumiayo petroli. Tulipakia magunia ya vitunguu Ruaha Mbuyuni, tukashika njia ya Iringa. Katika njia hiyo hapana budi kuupanda mlima Kitonga, wenye kona nyingi, ambako malori hufuatana polepole kama siafu. Tulipofika katikati, mshale wa geji ya joto uliingia penye wekundu, na mvuke ukaanza kutoka. Baba Mdogo akasimama, akazima injini, akafunua boneti, akachukua kitambaa na kushika kifuniko cha rejeta.

Hapo ndipo nilipokosa. Muhula uleule mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametufundisha kwamba maji yaliyobanwa huhitaji joto kubwa zaidi ili yachemke. Nililijua hilo, na mtihani wake nilifaulu. Lakini niliona haya kumkataza mtu mzima aliyeanza kuendesha gari kabla sijazaliwa, nikanyamaza. Kifuniko kilipolegea tu, maji yaliruka, yakamwunguza mkono toka kiganja mpaka kiwiko. Maji ya dumu tuliyochukua kwa ajili ya rejeta niliyamimina yote juu ya mkono wake, kidogo kidogo, kwa muda wa dakika 20. Kisha dereva mmoja wa lori akamhurumia, akampeleka hospitali.

Yafaa kila mtu aelewe sababu. Kifuniko cha rejeta si kama kifuniko cha sufuria. Kina springi inayoyabana maji, hata yaweze kupita nyuzi 110 bila kuchemka. Mahali pa wazi, maji huchemka kwa nyuzi 100 huko pwani, na kwa nyuzi 95 hivi penye kimo cha mita 1,500. Basi ukifungua kifuniko, mbano huondoka ghafula, na sehemu ya maji hayo hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke hutaka nafasi kubwa mno kuliko maji, kwa hiyo huyarusha yaliyobaki. Kitambaa hakiwezi kuuzuia. Ngoja nusu saa au zaidi, mpaka mpira wa juu wa rejeta ushikike bila kuunguza na uwe laini ukiubonyeza. Wala usitie maji baridi katika injini yenye moto mkali, kwa maana chuma huweza kupasuka.

Sasa tuangalie joto lenyewe. Katika injini ya petroli, sehemu kubwa ya joto haigeuki kuwa mwendo. Nyingine hutoka na moshi, na nyingine huchukuliwa na maji yanayozunguka kando ya silinda. Pampu huyasukuma maji hayo mpaka kwenye rejeta, ambako hupita katika vijia vyembamba na kupozwa na upepo. Gari likienda kasi, upepo huja wenyewe. Likienda polepole, feni ndiyo huuvuta. Katikati ya njia ya maji pana thamostati, mlango mdogo unaojifunga injini ikiwa baridi na kujifungua ikipata moto.

Kwa hiyo, gari likichemsha, usikimbilie kununua vipuri. Jiulize kwanza: linachemsha wakati gani? Likichemsha mlimani au kwenye foleni, na kupoa kwenye tambarare, shuku upepo: feni, mkanda wake, au rejeta iliyozibwa na vumbi na majani kwa nje. Likichemsha hata likienda kasi penye tambarare, shuku mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba kwa ndani, thamostati iliyokwama, au pampu iliyochoka. Maji yakipungua, tafuta yanapovujia katika mipira na chini ya gari. Yakipungua bila kuonekana yanakokwenda, na moshi ukawa mweupe, au oili ikafanana na chai ya maziwa, huenda gasketi ya silinda hedi imeungua; hapo usiendeshe tena, mwite fundi.

Gari letu lilipopoa lilijazwa maji, na fundi mmoja akalifikisha Iringa jioni kwa mwendo wa pole. Shauri lake lilikuwa kuitoa thamostati na kuitupa. Baba Mdogo, mkono umefungwa bendeji, akanigeukia akasema, "Wewe unayesoma, mbona kimya? Unaonaje?"

Safari hii sikunyamaza. Nilimwomba fundi, kwa adabu, tuijaribu kwanza. Tuliifunga kwa uzi tukaining'iniza ndani ya sufuria ya maji jikoni. Maji yalipokuwa baridi ilijifunga; kabla hayajachemka ikafunguka taratibu mbele ya macho yetu. Ilikuwa nzima. Tungeitupa, injini ingechelewa kupata joto lake kila asubuhi na kula petroli bure, na ugonjwa ungebaki palepale.

Ndipo Baba Mdogo akakumbuka kwamba tangu wiki iliyotangulia taa nyekundu ya betri ilikuwa ikimetameta, naye alidhani betri imezeeka. Katika gari lile, mkanda mmoja huzungusha feni, pampu ya maji na mtambo wa kuchaji betri. Tuliubonyeza kwa kidole gumba katikati. Badala ya kushuka sentimita moja hivi, ulishuka zaidi ya tatu, na upande wake wa ndani uling'aa kama kioo. Ulikuwa ukiteleza. Rejeta nayo ilikuwa imejaa vumbi na mabawa ya wadudu. Tulinunua mkanda mpya, tukasafisha rejeta kwa maji toka upande wa injini, tukaijaza maji safi yaliyochanganywa na kulanti, ambayo huzuia kutu. Wiki iliyofuata tuliupanda Kitonga na mzigo uleule, na mshale ukatulia katikati.

Mkanda ule haukuwa ghali. Kilichotugharimu ni taa iliyopuuzwa na mdomo uliofungwa. Wanafunzi wenzangu, tunayoandika katika madaftari si ya mtihani tu. Mzazi akielekea hatarini, mwambie kwa heshima, lakini mwambie mapema. Nanyi wazazi wetu, mkituuliza kama Baba Mdogo alivyoniuliza, mtatusaidia kuyatumia yale mnayotusomesha.

Mwanafunzi, Kidato cha Tatu