Namna ya Kuiuliza Katalogi: Somo la Kupanga Swali

Neno kompyuta likitajwa darasani, aghalabu wanafunzi hufikiria mashine ijuayo kila kitu. Yafaa fikira hiyo isahihishwe mapema. Zile kompyuta kubwa, ambazo Wizara ya Fedha ya Tanzania ilianza kuwa nayo moja mwaka 1965, na ambazo mabenki makubwa ya dunia yangali yakizitumia, huweka habari katika kanda na diski nyingi mno. Mahali habari ilipo hujulikana kwa kutazama daftari liitwalo katalogi. Katika makala haya tutaeleza jinsi daftari hilo linavyoulizwa, na jinsi mwalimu wa shule ya msingi awezavyo kulisomesha jambo hili bila ya kuwa na mashine yoyote.

Kwetu Unguja mfano ulio karibu ni Nyaraka za Taifa zilizoko Kilimani, zilizoanzishwa mwaka 1956. Msomaji haingii ghalani akapekua. Hutazama orodha kwanza, akaona kwamba majalada ya Konseli wa Kiingereza yamo katika fungu la AA, na yale ya Sekretarieti ya wakati wa himaya yamo katika fungu la AB. Kisha huandika namba aitakayo, na mtumishi humletea. Orodha si jalada. Mwanafunzi asipolishika hilo, yaliyobaki hayatamwingia.

Katika mashine kubwa za IBM, programu inayotaka habari huipelekea katalogi swali lenye nafasi zilizokwisha pangwa. Kila nafasi tutaiita kigezo.

Kigezo cha kwanza, nacho ndicho kizito, ni jina. Jina halizidi alama 44, nalo hukatwa vipande kwa nukta, kila kipande kisizidi alama 8. Kwa hiyo UNGUJA.KUSINI.JAMBIANI.SHULE ni jina halali, kwa kuwa Jambiani ina herufi 8 barabara. Kizimkazi ina 9 na Makunduchi ina 10. Hapana budi zifupishwe. Hapo ndipo matatizo huanza, maana huyu ataandika MAKUNDU na yule MKNDUCHI, na kila mmoja atamtafuta mwenzake asimpate. Ufupisho uamuliwe mara moja na kuandikwa ubaoni.

Asiyelijua jina zima huweka alama mahali asipopajua. Alama ya asilimia husimama badala ya herufi moja; nyota moja iliyosimama peke yake huwa badala ya kipande kizima; nyota mbili huwa badala ya vipande vyovyote vilivyobaki. UNGUJA.KUSINI.*.SHULE huleta shule za kila kijiji cha Kusini. UNGUJA.** huleta kila kitu cha Unguja, na mara nyingi huyo aliyeuliza hakutaka kila kitu.

Kigezo cha pili ni aina ya kitu kinachotafutwa, na cha tatu ni habari zinazotakiwa kurudishwa, kwa mfano namba ya kanda au diski yenye alama 6. Hivi viwili havina ugumu.

Kigezo kinachosahauliwa ni ukubwa wa nafasi ya kuandikia jibu. Programu hutenga nafasi, na katalogi huijaza. Majibu yakizidi nafasi, katalogi huandika yaliyoenea na kuweka alama ya kwamba bado yapo mengine. Programu yapaswa kuliuliza swali lile lile tena ili iendelezewe pale ilipoachiwa. Programu isiyoitazama alama hiyo itadhani imepata yote. Kwa maoni yetu hili ndilo la kusomeshwa kwa bidii zaidi, kwani hata nje ya kompyuta mtu huambiwa hati ya shamba la baba yake haimo, kumbe aliyetafuta aliishia ukurasa wa kwanza, au alitafuta Hamisi ilhali hati imeandikwa Khamis.

Darasani, mwalimu atengeneze kadi 40 za manila. Kila kadi iwe na jina lenye nukta, aina (shule, soko, bandari, kisima) na namba ya sanduku. Vitu vyenyewe, yaani picha au maelezo mafupi, viwe ndani ya maboksi ya viatu nyuma ya darasa. Mwanafunzi mmoja awe katalogi: yeye peke yake ashike kadi, na asiseme lolote ila kwa swali la maandishi lenye vigezo vyote vinne. Mwingine awe mtumishi wa kuleta kutoka maboksini.

Muulizaji apewe ubao mdogo wenye mistari 5 tu, kisha aulize swali ambalo mwalimu anajua lina majibu 7. Katalogi aandike 5 na kuinua kitambaa chekundu. Mwalimu asiseme neno. Kama muulizaji ataketi na ubao wake, wenzake waulizwe kitambaa kile kina maana gani. Kama ataufuta na kuuliza tena, apewe 2 zilizosalia, na kitambaa kishushwe.

Kipindi kimoja cha dakika 40 hakitoshi. Cha kwanza kiishie katika kuyapanga majina, na maboksi yasifunguliwe mpaka cha pili.