Taa za LED kwa Motokaa Kuukuu: Mafunzo ya Njia ya Bukoba na Muleba

Wanachama wengi wameuliza kama yafaa kutoa globu za zamani katika taa za nje za motokaa zao na kutia globu za LED, ambazo sasa zauzwa katika maduka mengi ya vipuri. Swali hili ni la maana, maana wakulima wengi hatuna magari mapya. Tunazo pikapu na Land Rover zilizokwisha kufanya kazi miaka ishirini, thelathini na zaidi, na hizo ndizo zinazobeba wachumaji kabla ya jua kutoka na kurudisha mizigo baada ya magharibi. Jibu letu fupi ni hili: taa za nyuma, ndiyo, indiketa, ndiyo kwa masharti, taa kubwa za mbele, ngoja kwanza. Sababu zake twazieleza hapa chini.

Kwa mfano tumechukua Mkoa wa Kagera, hasa njia itokayo Bukoba kwenda Muleba kupitia Kemondo, Muhutwe na Kagoma. Wenzetu wa huko hulima kahawa na ndizi kama sisi tulimavyo karafuu, nao pia hutumia magari yenye umri mkubwa. Lakini njia yao huzijaribu taa kuliko njia zetu. Bukoba ni miongoni mwa miji ya Tanzania ipatayo mvua nyingi sana, kama milimita 2,000 kwa mwaka. Ziwa lenyewe liko meta 1,134 hivi juu ya bahari, na vilima vilivyo juu yake huvaa ukungu asubuhi. Njia hupanda na kushuka, migomba imeisogelea, na pembeni hupita watu kwa miguu, pikipiki, na baiskeli zilizopakiwa mikungu ya ndizi ambazo mara nyingi hazina taa yo yote. Taa ifaayo huko itafaa visiwani kwetu pia.

Tofauti ya globu hizi mbili

Globu ya zamani ina uzi mwembamba wa chuma ambao umeme huupasha moto mpaka ung'ae. Sehemu kubwa ya umeme hupotea kuwa joto. LED haina uzi. Ni kipande kidogo kigumu ambacho umeme ukipita ndani yake kwa upande ulio sawa hutoa mwanga, na ukipita kinyume hakitoi kitu. LED nyekundu ilionyeshwa mwaka 1962 na Nick Holonyak huko Marekani. Ile ya buluu yenye nguvu ilichelewa mpaka mwanzo wa miaka ya 1990 huko Japani, na bila ya buluu hiyo mwanga mweupe wa leo usingepatikana. Wajapani watatu walioifanyia kazi, Akasaki, Amano na Nakamura, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014.

Faida kwa mwenye gari kuukuu zaonekana katika hesabu. Globu ya breki ya kawaida hula wati 21. Katika gari la volti 12 hizo ni karibu ampea moja na robo tatu kwa kila globu. LED ya mahali hapo hula wati chache tu. Tena globu ya uzi huchelewa kuwaka kama sehemu ya tano ya sekunde, maana uzi lazima upate moto kwanza, lakini LED huwaka mara moja. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata meta 22 kwa sekunde. Basi dereva aliye nyuma yako hupata meta nne zaidi za kusimama. Katika mteremko wenye utelezi wa mvua, meta nne zaweza kuwa tofauti ya kugongwa na kutogongwa.

Anza na waya, si globu

Kabla ya kununua cho chote, tafuteni kwanza kwa nini taa zenu ni hafifu. Katika gari la zamani mara nyingi si kosa la globu. Ni kosa la waya uliooza, swichi iliyoungua, au mahali pa ethi palipoota kutu, jambo ambalo sisi tunaokaa karibu na chumvi ya bahari twalijua sana. Globu ya uzi ikipungukiwa volti kwa sehemu moja ya kumi hupoteza karibu theluthi ya mwanga wake.

Kipimo chake ni rahisi. Washeni taa, mpimeni volti kwenye betri, kisha mpimeni kwenye tundu la globu ile ile inayowaka. Ikiwa tofauti yapita nusu volti, safisheni ethi mpaka chuma kionekane, kazeni skrubu na kupaka grisi. Kwa taa kubwa, mwambieni fundi umeme aweke rilei na waya mnene wenye fyuzi kutoka kwenye betri, ili mzigo wa umeme usipite tena katika swichi ya zamani. Watu wengi wakifanya hivi tu hupata mwanga wanaoutaka, na fedha za LED hubaki mfukoni.

Tazameni pia volti za gari lenyewe. Baadhi ya magari ya dizeli na malori hutumia volti 24, na baadhi ya motokaa za Kiingereza za zamani sana zimefungwa ethi upande wa chanya. Globu za LED za kawaida zimetengenezwa kwa volti 12 na ethi ya hasi. Zikitiwa katika gari la namna nyingine hazitawaka, au zitaungua.

Taa za nyuma

Hapa ndipo pa kuanzia. Taa za nyuma, za breki, ya namba na za pembeni zaweza kubadilishwa kwa fedha kidogo na bila ya hatari kubwa, mkifuata mambo matatu.

La kwanza ni rangi. Ikiwa kioo cha taa ni chekundu, nunueni LED nyekundu. Ikiwa ni cha manjano, LED ya manjano. LED nyeupe nyuma ya kioo chekundu hutoa rangi dhaifu ya waridi, maana mwanga wake mweupe una wekundu mchache kuliko ule wa globu ya uzi.

La pili ni globu yenye kazi mbili, yaani ile ya wati 21 na 5 inayowasha taa ya nyuma na breki pamoja. Baadhi ya LED za bei rahisi huwaka karibu sawasawa katika kazi zote mbili. Hapo dereva wa nyuma hawezi kujua kwamba umekanyaga breki. Msikubali globu hiyo hata ikiwa ni ya bure. Ijaribuni mchana: mtu mmoja akanyage breki, mwingine asimame hatua ishirini nyuma ya gari. Tofauti lazima ionekane bila ya kutafutwa.

La tatu ni upande wa kutia. LED isipowaka, itoeni, igeuzeni na mjaribu tena kabla ya kusema imekufa.

Indiketa

Mtu akitia LED katika indiketa, mara nyingi huona zinawaka na kuzima upesi mno, au haziwaki kabisa. Flasha ya zamani hufanya kazi kwa moto wa umeme unaopita ndani yake kwenda kwenye globu. LED hula umeme kidogo, basi flasha hudhani globu imeungua, au haipati moto wa kutosha kuanza.

Dawa ziko mbili. Ya kwanza ni kufunga rezista sambamba na kila globu ili kuongeza mzigo. Rezista ya omu 6 inayouzwa kwa kazi hii hula kama wati 24 hadi 30 wakati indiketa imewaka, nayo hupata moto wa kuunguza ngozi na kuyeyusha plastiki. Ikifungwa, ifungwe kwenye bati la bodi, mbali na waya na nguo za gari. Lakini hapo faida ya kuokoa umeme imekwisha. Dawa ya pili, nayo ndiyo bora, ni kubadili flasha yenyewe na kutia ya elektroniki iliyotengenezwa kwa LED. Iwe na idadi ile ile ya miguu, na ikiwa yahitaji waya wa ethi, fundi auunge.

Kuna jambo jingine ambalo huwatatiza mafundi wengi. Baadhi ya magari ya zamani yana taa moja tu ya indiketa katika dashibodi, iliyofungwa kati ya upande wa kulia na wa kushoto. Mkitia LED, umeme mdogo hupita katika taa hiyo na kuwasha pande zote mbili pamoja. Dawa yake ni kutenganisha waya zake kwa dayodi mbili na kuipa taa hiyo ethi yake. Dereva asifanye mzaha na jambo hili: anayetaka kukunja kulia kuingia shamba, na taa zake zote zinapepesa, huwa hakumwambia mtu kitu.

Taa kubwa za mbele

Sasa tumefika penye hatari. Kioo na bakuli la taa ya zamani vilipimwa kwa ajili ya uzi mdogo uliokaa mahali pamoja hasa. Katika globu ya H4, ambayo ni ya wati 60 kwa fuli na 55 kwa dimu, kuna kikombe kidogo cha chuma chini ya uzi wa dimu, ili mwanga usipande machoni mwa ajaye. LED haina uzi. Vipande vyake vimebandikwa ubavuni mwa ubao, navyo vikikosea mahali kwa milimita moja au mbili, mwanga hutawanyika. Mwenye gari hufurahi kwa kuwa mbele ya bampa pameng'aa. Hajui kwamba mbali mwanga umepungua, na kwamba amempofusha mwenye baiskeli.

Katika njia ya Muleba wakati wa mvua, ubaya huzidi. Matone ya maji na ukungu hurudisha mwanga kwa dereva mwenyewe, akaona ukuta mweupe mbele yake.

Nchi nyingine zimelitazama jambo hili. Uingereza, tangu mwaka 2021, kanuni zake za ukaguzi wa magari zasema kwamba taa za mbele za halojeni za magari mengi zisigeuzwe kuwa za LED. Ujerumani ilianza mwaka 2020 kukubali globu fulani ya LED ya kiwanda cha Osram, lakini kwa magari yaliyotajwa katika orodha tu, baada ya kila namna kujaribiwa. Maana yake ni kwamba globu peke yake haitoshi; lazima ipatane na taa yake.

Basi shauri letu ni hili. Ikiwa taa ya gari ni ya H4 na kioo chake ni kizima, tieni globu mpya ya halojeni ya kiwanda kizuri, pamoja na rilei. Ikiwa bakuli la ndani limefifia, badilini taa nzima. Na ikiwa gari ni Land Rover au Land Cruiser ya zamani yenye taa za mviringo za inchi 7, kuna taa nzima za LED za kipimo hicho, ambazo kioo na bakuli lake vimetengenezwa kwa LED tangu mwanzo. Hizo ni jambo jingine, nazo zaweza kufaa.

Mkinunua taa nzima, hakikisheni ni ya nchi ziendeshazo kushoto. Wenzetu wa Kagera wana sababu ya kuwa waangalifu, maana wamepakana na Uganda iendeshayo kushoto kama sisi, na pia na Rwanda na Burundi ziendeshazo kulia. Taa iliyotengenezwa kwa njia ya kulia huinua mwanga upande wa kulia, yaani machoni mwa anayekuja. Katika taa zenye alama ya E ndani ya duara, simameni mbele ya taa mkiitazama: mshale unaoelekea kulia kwenu ni wa nchi za kushoto kama yetu, pasipo mshale, taa ni ya nchi za kulia, mshale wenye ncha mbili hufaa kote.

Kupima mwanga ukutani

Baada ya kazi yo yote ya taa za mbele, simamisheni gari penye usawa, karibu na ukuta, mtie alama kwa chaki mahali palipo sawa na katikati ya kila taa. Kisha rudisheni gari nyuma meta 5 na kuwasha dimu. Mpaka wa juu wa mwanga uwe kama sentimeta 5 chini ya alama, na kwa upande wa kushoto upande kidogo. Ikiwa hamuoni mpaka, bali wingu la mwanga juu na chini, globu hiyo haipatani na taa hiyo, irudisheni dukani.

Fanyeni kipimo hicho gari likiwa na mzigo kama ule mliozoea kubeba. Magunia yakikaa nyuma, pua ya gari huinuka, na dimu huwa kama fuli kwa anayekuja, hata ikiwa globu ni ya namna gani.

Kwa ufupi, fuateni taratibu hii: kwanza ethi na waya, pili taa za nyuma, tatu indiketa pamoja na flasha yake, na mwisho taa kubwa, ikiwa bado kuna haja. Globu za uzi mlizozitoa msizitupe. Wekeni mbili tatu ndani ya gari, maana LED ikifa njiani usiku haitengenezeki. Taa ya gari ina kazi mbili, kukuonyesha njia na kumwonyesha mwenzako kwamba upo. Anayetafuta ya kwanza kwa kuiharibu ya pili hajapata faida, na mwenye baiskeli aliye pembeni hana cha kujikinga.